"Rais Amtoe Tu": Mtazamaji wa Kariakoo Mbele ya Kesi Iliyokwisha

Watu wa Kariakoo, Dar es Salaam, wakitazama filamu ya kweli kuhusu mtu aliyefungwa kwa mauaji ambayo huenda hakuyafanya, hukumu zao huja kwa awamu tatu. Ya kwanza hutoka mapema, hata wakili wa utetezi hajafungua kinywa: "Kabambikiwa huyo." Ya pili hutoka polisi wanapoanza kuhoji: "Ndiyo zao." Ya tatu husubiri mwisho, majina ya watengenezaji yanapopanda kwenye kioo na mfungwa bado yuko ndani: "Rais amtoe tu."

Mwanasheria akiwa jirani ataguna. Atasema raia hawajui mgawanyo wa mamlaka, wanamfanya Rais kuwa mahakama ya rufaa. Mimi naona amekosea wa kumcheka. Katika hukumu hizo tatu, ya kwanza ni dhana na ya pili ni uzoefu. Ya tatu ni usomaji sahihi wa sheria ya Tanzania ilivyo leo, na aliyeitoa pengine hajawahi kushika kitabu cha sheria.

Filamu nyingi za aina hii zinazotufikia ni za Marekani. Iliyotikisa kuliko zote ni Making a Murderer, iliyotoka Netflix tarehe 18 Desemba 2015 ikiwa na sehemu 10, kazi ya Laura Ricciardi na Moira Demos waliyoihangaikia kwa takriban muongo mzima. Inamhusu Steven Avery wa jimbo la Wisconsin. Mwaka 1985 alifungwa kwa kumshambulia mwanamke kingono. Akakaa ndani miaka 18, mpaka mwaka 2003 kipimo cha vinasaba kilipoonyesha kuwa aliyefanya ni mtu mwingine. Akatoka na kufungua madai ya fidia ya dola milioni 36. Madai yakiwa bado hai, mwaka 2005, mpiga picha Teresa Halbach, binti wa miaka 25, akatoweka baada ya kufika kwenye uwanja wa magari chakavu wa familia ya Avery. Gari lake na mabaki yake vikakutwa hapohapo. Mwaka 2007 Avery akahukumiwa kifungo cha maisha, na mpwa wake Brendan Dassey, aliyekuwa na miaka 16 wakati wa tukio, naye akapata cha maisha.

Kariakoo filamu kama hiyo husafiri kwa flashi na simu. Kijana mwenye kompyuta kwenye kona ya duka anakuwekea muvi kwa bei ya soda, na kikundi kinakusanyika kwenye kioo kimoja. Kuna mazoea ya kutazama ambayo mji huu umeyajenga tangu enzi za mabanda ya video na tafsiri za Derek Mukandala, yule aliyejulikana kama Lufufu: hatutazami kimya, na hatutazami bila msimulizi. Filamu za kweli zina maneno mengi na mapigano machache, kwa hiyo watafsiri wa muvi hawazipendi. Basi yule aliyesoma kidogo ndiye anayewaeleza wenzake nini kimesemwa, na katika kueleza anaamua nini kirukwe. Shahidi aliyezungumza dakika 10 anapewa sentensi moja: "Anasema hakumwona vizuri." Mtengenezaji wa Marekani kakata mara ya kwanza, msimulizi wetu kakata mara ya pili. Zaidi ya hapo, muvi kwetu lazima iwe na steringi, na steringi hafi wala hakosei. Filamu ya kesi haimtaji steringi wake, lakini kamera inakaa kwa mfungwa na wazazi wake wazee. Watu wanampata wenyewe.

Watazamaji wa Marekani hawakuwa tofauti sana. Ndani ya wiki chache zaidi ya watu 128,000 waliweka sahihi kwenye ombi la kumtaka Rais Barack Obama awasamehe Avery na Dassey. Ikulu ya Marekani ikajibu Januari 2016 kwamba Rais hana uwezo huo, kwa kuwa hatia ilitolewa na mahakama ya jimbo. Nao, kwa lugha yao, walisema "Rais amtoe tu". Tofauti ni kwamba wao walibisha mlango usio wao.

Turudi kwenye hukumu ya kwanza. Kubambikiwa kesi si neno la wapika majungu nchini kwetu. Januari 14, 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi wa hapa Dar es Salaam waliuawa na polisi kwenye msitu wa Pande. Maelezo ya kwanza kwa umma yalikuwa kwamba ni majambazi walioanguka katika kurushiana risasi, na kwa muda mji uliamini, maana miaka ile ujambazi ulikuwa umechacha. Tume aliyoiunda Rais Jakaya Kikwete chini ya Jaji Kipenka Mussa ilikuta hadithi nyingine, na aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, Abdallah Zombe, akashtakiwa pamoja na askari wenzake. Agosti 2009 Mahakama Kuu ikawaachia wote. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani, kwa kumbukumbu zilezile za ushahidi, ikaacha Zombe awe huru na kumtia hatiani ofisa mmoja, Christopher Bageni, adhabu kunyongwa.

Kesi hiyo ina mafunzo mawili yanayovutana, na mtazamaji wetu huchukua moja tu. Anakumbuka kwamba polisi wanaweza kumgeuza marehemu kuwa jambazi kwa tamko moja la vyombo vya habari. Hakumbuki kwamba majaji wenye akili timamu walisoma faili lilelile na kutoka na majibu mawili, moja la kwenda nyumbani na jingine la kitanzi. Kama faili zima linawagawa majaji, filamu ya saa mbili ina uzito gani?

Kisha kuna mfanyabiashara wa Tabora. Mwaka 2019 malalamiko yake yalichapishwa gazetini: alikuwa mahabusu kwa kesi ya mauaji ambayo, kwa maelezo yake, ilibandikwa juu yake na polisi baada ya mgogoro wa fedha. Rais John Magufuli akayasoma, akaagiza yafuatiliwe, na Mkurugenzi wa Mashtaka akaifuta kesi. Nani baada ya hapo atamwambia mchuuzi wa Mtaa wa Congo kwamba Ikulu si mahali pa kupeleka kesi?

Lakini mtazamaji huyu ana upande wa pili ambao sisi waandishi huwa tunaukwepa kwa heshima ya ujirani. Mtaa huohuo unaolalamika "kabambikiwa" ukisikia kelele ya "mwizi!" saa saba mchana hauombi gwaride la utambulisho. Mtu anachomwa moto kabla hajasema jina lake. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiorodhesha mauaji ya hasira za kundi kwa mamia katika mwaka mmoja. Kwa hiyo huruma ya filamu isitafsiriwe haraka kuwa imani katika kanuni ya kutohukumu bila ushahidi. Mara nyingi ni huruma kwa yule tuliyekaa naye saa mbili. Aliyekamatwa Kariakoo hatujakaa naye hata dakika.

Wakati mwingine hukumu ya watu hutangulia ya mahakama kwa miaka. Aneth Msuya aliuawa Kibada, Kigamboni, Mei 2016. Mjane wa kaka yake, Miriam Mrita, akashtakiwa pamoja na mtu mwingine mmoja. Kaka mwenyewe, mfanyabiashara wa madini Erasto Msuya, alikuwa ameuawa kwa risasi mwaka 2013, hivyo mji ulishakuwa na hadithi kamili ya fedha, wivu na urithi, ikisimuliwa kwenye simu tarehe baada ya tarehe. Februari 2024 Mahakama Kuu ikawaachia huru wote wawili. Zaidi ya miaka saba ilikuwa imepita, bila dhamana, kwa kuwa mauaji hayana dhamana. Waliosimulia wakahamia kesi nyingine.

Watazamaji wa dunia nzima walimwamini Brendan Dassey kwa sababu walimwona. Mahojiano yake yalirekodiwa kwa video: kijana mzito wa kuelewa, peke yake na wapelelezi wawili, akikisia nini kilimpata kichwani marehemu, akikosea, akikisia tena, mpaka mpelelezi mmoja anachoka na kutaja risasi mwenyewe. Hapo hapahitaji tafsiri wala msimulizi. Hata Kariakoo watu hunyamaza kidogo. Na bado, mwaka 2017, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikubali maungamo yale kwa kura nne dhidi ya tatu, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi.

Sasa jaribu kutengeneza filamu hiyo kwa kesi ya mfungwa wa gereza la Keko au Ukonga. Utaonyesha nini? Maelezo ya onyo ya mtuhumiwa wa Tanzania kwa kawaida huandikwa kwa mkono na askari, yeye anasaini au anabonyeza dole gumba. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa nne za kumhoji, zikipita bila kuongezwa rasmi maelezo yanaweza kutupwa, na majaji wameyatupa mara nyingi. Mshtakiwa akikana kuwa aliyatoa kwa hiari, inafanyika kesi ndani ya kesi, neno la askari dhidi ya neno lake. Akiwa amepelekwa kwa mlinzi wa amani akarudia ungamo, hali yake inakuwa ngumu zaidi. Katika yote haya hakuna sauti wala sura yake. Kuna karatasi. Na kwa miongo mingi karatasi hiyo ilikuwa na safari ya ajabu: shahidi wa Manzese anasema kwa Kiswahili, jaji anaandika kwa Kiingereza, mawakili wanabishana kwa Kiingereza, hukumu inasomwa kwa Kiingereza, mshtakiwa anaelezwa kwa Kiswahili kwamba atanyongwa. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini kesi za watu waliokwisha hukumiwa zimelala kwenye majalada ya zamani.

Inasikitisha, kwa sababu maswali ya mtazamaji wa kawaida si mabaya. Mwaka 1980, katika rufaa ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani iliweka vigezo vya kumpima shahidi anayesema alimtambua mtu: alimtazama kwa muda gani, kutoka umbali gani, kulikuwa na mwanga wa aina gani, aliwahi kumjua kabla. Msikilize muuza vitambaa wa Kariakoo akitazama shahidi wa Marekani: "Usiku ule taa ilikuwa wapi?" Ni swali la Waziri Amani lenyewe, kutoka kwa mtu ambaye riziki yake inategemea kukumbuka sura ya mteja aliyeondoka na mzigo wa mkopo. Angepewa majalada ya kwetu kwa lugha yake, angekuwa msomaji mkali kuliko wengi wanaoandika makala za mahakama.

Kesi iliyowagawa watu wa Dar es Salaam kuliko zote kuhusu nani kasingiziwa haikuwa ya mauaji. Juni 2004 mahakama ya Kisutu ilimhukumu mwanamuziki Nguza Viking, Babu Seya, pamoja na wanawe watatu, akiwemo Papii Kocha, kifungo cha maisha kwa kuwabaka na kuwalawiti wanafunzi wadogo wa shule ya msingi huko Sinza. Februari 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia wana wawili, ikabaki na baba na Papii. Ombi lao la marejeo likagonga mwamba. Desemba 9, 2017, sherehe za Uhuru zikifanyika Dodoma, Rais Magufuli akawasamehe, na watu wakawapokea kwa shangwe. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikasema haki yao ya kusikilizwa kwa usawa ilikiukwa katika baadhi ya mambo. Haikusema hawakutenda.

Mpaka leo ukilitaja jina hilo kwenye kijiwe, ubishi unaanza upya, na msamaha haujaumaliza hata chembe. Msamaha hauwezi kuumaliza. Unatoa mwili gerezani, hatia unaiacha kwenye jalada. Aliyeamini walisingiziwa anasema Rais kaona ukweli. Aliyeamini walitenda anasema Rais kawahurumia wakosaji. Wote wawili wana haki ya kusema hivyo, maana Ikulu haitoi sababu kama jaji anavyotoa. Na kuna watu wasiokuwa na sauti katika ubishi huo: wale watoto. Majina yao sheria imeyaficha, na ni sawa. Ila upande mmoja una nyimbo ambazo kila basi la Mbagala limewahi kupiga, upande mwingine una aya za hukumu. Familia ya Teresa Halbach nayo ilikataa kushiriki kwenye Making a Murderer, na katika saa zote zile binti yao anaonekana kwa dakika chache. Mwendesha mashtaka wa kesi ile alilalamika kwamba filamu iliacha vielelezo vizito, ikiwemo vinasaba vya Avery kwenye kitasa cha boneti ya gari la marehemu. Mfungwa anaweza kuwa amesingiziwa na filamu ikawa bado inadanganya. Ni mambo mawili tofauti.

Tufike kwenye sheria, ambako hukumu ya tatu ya Kariakoo inapata nguvu zake.

Kesi ya mauaji kwa kawaida husikilizwa Mahakama Kuu, na kutoka hapo kuna rufaa moja tu, Mahakama ya Rufani. Mwizi wa kuku aliyeanzia Mahakama ya Mwanzo ana ngazi nyingi za kupanda kuliko mtu anayekabiliwa na kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho kinampa jaji adhabu moja pekee: kunyongwa hadi kufa. Rufaa hiyo ikishindwa, kinachobaki ni marejeo. Kanuni ya 66 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 inataja sababu tano, miongoni mwao kosa la wazi kwenye kumbukumbu, kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, na hukumu iliyopatikana kwa udanganyifu au ushahidi wa uongo. Ombi liwasilishwe ndani ya siku 60. Soma sababu zote tano, ushahidi mpya haumo. Shahidi akijitokeza miaka tisa baadaye na kusema nani aliyeua, hana mahakama ya kumsikiliza. Majaji wamerudia kila mara kwamba marejeo si rufaa ya pili.

Kwa muongo mmoja palikuwa na njia ya pembeni. Tanzania iliruhusu raia kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika kuanzia mwaka 2010, na wafungwa wa Tanzania wakaijaza kwa maombi yao. Novemba 2019 serikali ilitoa taarifa ya kujiondoa kwenye ruhusa hiyo, mwaka mmoja baadaye ikakoma. Siku chache baada ya taarifa hiyo, tarehe 28 Novemba 2019, mahakama ileile iliamua katika kesi ya Ally Rajabu kwamba adhabu ya lazima ya kifo inakiuka haki ya kuishi. Uamuzi ukaja njia inafungwa.

Inabaki ibara ya 45 ya Katiba: Rais anaweza kusamehe, kupunguza, kubadilisha adhabu. Hakuna aliyenyongwa nchini tangu 1994, kwa kuwa marais waliofuata hawakutekeleza adhabu hiyo, na Magufuli alitamka hadharani Septemba 2017 kwamba hataki kupelekewa majina. Uhai wa kila aliyehukumiwa kifo uko mikononi mwa mtu mmoja, na njia ya kutoka vilevile. Yule mtazamaji wa Kariakoo aliposema "Rais amtoe tu" hakuwa anaota. Alitaja ibara bila namba yake.

Kinachotokea nchi inapotegemea njia hiyo peke yake kilionekana Uganda. Edmary Mpagi alihukumiwa kunyongwa mwaka 1982, yeye na binamu yake, kwa kumuua mtu aliyekuwa hai. Mtu huyo alijificha, wanakijiji walimwona, habari zikafika serikalini. Binamu alifia gerezani mwaka 1985. Mpagi alitoka gereza la Luzira mwaka 2000 baada ya takriban miaka 18, na alitoka kwa msamaha wa Rais. Alisamehewa kosa ambalo halikutendeka na mtu yeyote! Mauaji yenyewe hayakuwepo, lakini mfumo haukuwa na karatasi nyingine ya kumpa.

Jirani zetu wa kaskazini walilifikiria. Ibara ya 50(6) ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu aliyeshindwa rufaa yake ya mwisho kuomba Mahakama Kuu isikilize kesi upya pakipatikana ushahidi mpya wenye uzito. Majaji wa Kenya hawaigawi nafasi hiyo kama njugu, wengi wanaoomba hukataliwa. Angalau kuna wa kumkatalia kwa sababu zilizoandikwa. Uingereza ilikwenda mbali zaidi baada ya kashfa ya watu sita wa Birmingham, waliofungwa mwaka 1975 kwa milipuko ya baa. Kipindi cha televisheni cha World in Action na mwandishi Chris Mullin waliing'ang'ania kesi yao kwa miaka, wakaachiwa Machi 14, 1991, na siku hiyohiyo serikali ikatangaza tume ya kuchunguza mfumo mzima. Chombo kilichozaliwa, kilichoanza kazi mwaka 1997, hakimwachii mtu. Kinachunguza, na kikiridhika kinairudisha kesi Mahakama ya Rufaa. Kule filamu ilipokwisha, watazamaji walipata mahali pa kupeleka walichokiona. Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi taarifa yake kwa Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2023, imefungua mjadala mpana kuhusu upelelezi na mahabusu. Ushahidi mpya baada ya rufaa unastahili kuwa sehemu ya mjadala huo.

Ila kifungu peke yake hakitoshi. Avery alitoka mwaka 2003 kwa sababu unywele mmoja ulikuwa umetunzwa tangu 1985 na bado ungeweza kupimwa. Sisi tuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 na tuna maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Tunachokosa mara nyingi ni kielelezo chenyewe. Kesi ikiisha, panga, shati na shuka hurudishwa, huuzwa au huteketezwa kwa amri ya mahakama, na zipo rufaa zilizokwama kwa sababu hata jalada la ushahidi halikuonekana. Kuvitunza vielelezo vya mauaji kwa muda wote ambao mfungwa yuko hai kunahitaji chumba kikavu, rafu, na mtunza daftari asiyehamishwa kila baada ya miezi sita.